Kusini mwa Marekani walikuwa na pamba ya dunia nzima. Walishindwaje vita vya 1861–65?

#1 PambaNyeupe
Wakuu salaam.

Mimi mkulima wa pamba, Meatu, na swali langu limetokana na yaliyotukuta wenyewe. Kuna msimu bei ilitangazwa chini sana, kijiji kizima tukakubaliana hakuna kupeleka pamba mizani. Tukaijaza ndani. Nimelala juu ya pamba mwezi mzima na wanangu, kibatari hatuwashi kwa kuogopa moto, ugali tunakula gizani. Wanunuzi wala hawakuhangaika, walikaa wakasubiri. Walioanza kukosa ada ya shule ni sisi. Mwisho tukauza kwa bei ileile tuliyoikataa, tena panya walishazalia humo, na karani akatukata kwa uchafu.

Majuzi nasoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, nakuta majimbo ya Kusini walifanya hivyohivyo mwaka 1861. Uingereza ilikuwa ikichukua kwao zaidi ya robo tatu ya pamba yake. Seneta wao mmoja, James Henry Hammond wa South Carolina, alishatamba 1858 mbele ya Seneti kwamba hakuna dola duniani itakayothubutu kupigana na pamba, pamba ni mfalme. Vita vilipoanza wakazuia pamba yao isipakiwe melini, wakingoja Mwingereza aje mbio na manowari zake kuwatetea. Hakuja. Aprili 1865 Jenerali Lee wa Kusini anasalimu amri.

Mtu aliyeshika zao la dunia anashindwaje? Pamba iliwaponza, au kuna jingine?

#2 Kasuku77
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye vitabu.

#3 Msoma Ramani
Jibu ni hesabu tu mkuu, wala usiumize kichwa. Sensa ya 1860: nchi nzima watu milioni 31. Majimbo 11 yaliyojitenga yalikuwa na milioni 9 hivi, na kati ya hao milioni 3.5 ni watumwa ambao huwezi kuwapa bunduki ukalala usingizi. Reli za nchi nzima maili 30,000 hivi, Kusini wana 9,000, tena njia zao upana tofauti, mzigo unashushwa na kupakiwa upya kila mnapokutana na kampuni nyingine. Viwanda vya chuma, bunduki, viatu, karibu vyote Kaskazini. Chumvi yenyewe ya kuhifadhia nyama iliwashinda. Ukiwa na pamba huna chumvi, utakula pamba?

#4 Mwalimu Mstaafu
PambaNyeupe, hongera kwa mada. Nikusahihishe kidogo. Bunge la Kusini halikupitisha sheria ya kuzuia pamba isiuzwe nje. Yalikuwa maelewano ya wenye mashamba, magavana na kamati za wananchi bandarini, serikali ya Jefferson Davis, rais wa Kusini, ikikaa kimya huku inafurahi.

Na kosa kubwa lilikuwa la kalenda. Mavuno ya 1859 na 1860 yalikuwa makubwa mno, kwa hiyo 1861 maghala ya Liverpool na Manchester yalikuwa bado yamejaa. Ukimnyima chakula mtu aliyetoka kula, ataona njaa yako kabla ya yake. Njaa ya pamba ilianza kuwauma Waingereza kweli mwaka 1862, na wakati huo meli za Kaskazini zilishaziba bandari. Lincoln, rais wa Marekani aliyebaki na Kaskazini, alitangaza mzingiro wa pwani Aprili 1861 akiwa na meli chache za kuchekesha. Huo mwaka wa kwanza ndio Kusini wangesafirisha pamba usiku na mchana, wanunue meli na mizinga. Badala yake wakaikalia. 1863 wanakwenda kukopa Ulaya kwa dhamana ya pamba ambayo hawana tena njia ya kuitoa!

#5 PambaNyeupe
Mwalimu hapo kwenye maghala umenigusa. Hata sisi tulikuja kuambiwa baadaye kuwa jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, ilikuwa na marobota ya msimu uliopita hayajaondoka. Hakuna aliyefikiria kwenda kuchungulia.

#6 Jogoo la Mtwapa
Msoma Ramani #3, hesabu zako nzuri lakini haziniingii. Wamarekani wenyewe 1776 walikuwa wachache kuliko Mwingereza, hawana jeshi la majini la maana, na walimtoa. Vietnam nao vipi? Kusini hawakuhitaji kuiteka Washington bana. Walihitaji kutoshindwa tu, wakae, wawachoshe wenzao. Na nusura wawachoshe! Julai 1863 New York ilichafuka siku kadhaa kwa sababu ya kulazimishwa jeshi, maana mwenye dola 300 alikuwa analipa anabaki nyumbani. Watu weusi wakauawa mitaani kana kwamba wao ndio walioandika sheria.

Mimi nasema iliamuliwa Atlanta, tarehe 2 Septemba 1864. Agosti ya mwaka huo Lincoln mwenyewe aliamini uchaguzi unamshinda. McClellan, jenerali ambaye Lincoln aliwahi kumfukuza, ndiye mpinzani, na chama chake kinataka vita visimame. Jenerali Sherman wa Kaskazini akaingia Atlanta, upepo ukageuka. Novemba Lincoln kura 212 za wajumbe, McClellan 21. Atlanta ingechelewa miezi miwili mitatu tu, leo tungekuwa na Marekani mbili, na wewe Msoma Ramani ungekuja hapa kutueleza kuwa hesabu zilionyesha hivyo.

#7 Msoma Ramani
😂 Sawa jogoo. Ila hao askari wa kuingia Atlanta walifikaje kama si kwa reli na unga wa Kaskazini? Unanirudisha kwangu.

#8 Binti Shangani
Jamani mmezungumza pamba mpaka mmepita Unguja bila kubisha hodi.

Bibi yangu kitambaa cheupe kizito akikiita *merikani*. "Nenda dukani ukate merikani mikono minne." Mimi nikidhani jina tu kama majina mengine. Kumbe ni Marekani hasa! Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani 1833, konsuli wao akafika Unguja 1837, na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora ya kitambaa kilichofumwa viwanda vya kule New England, zinapakia pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Kitambaa hicho kilikwenda na misafara mpaka Tabora na Ujiji kama fedha: shuka mikono minne, doti mikono minane. Unavuka kwa mtemi, unalipa hongo ya merikani.

Sasa fungeni mikanda. Pamba hiyo imechumwa na nani? Na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Imefumwa Kaskazini, kwa hao wanaosifiwa uhuru. Imefika Unguja, imepelekwa bara kununulia pembe na watu wengine wa kufanywa watumwa. Vita vilipoanza kitambaa kikaadimika, bei ikapaa, na nguo za Uingereza na India zikapata upenyo kwenye soko letu. Kwa hiyo vita hivyo Mnyamwezi wa 1863 aliviona kiunoni mwake bila kujua vinapiganwa wapi.

#9 Kasuku77
Binti Shangani umeupiga mwingi. Kumbe nimevaa historia utoto mzima, kaptula yangu ya shule ilikuwa ya hicho kitambaa, kila ukikaa inakwaruza.

#10 Jogoo la Mtwapa
Kaptula yako ilikuwa ya gunia la sukari, usijipandishe.

#11 Katiba Kwanza
Naona wote mmerukia pamba na utumwa kama kawaida. Tusome historia bila hisia. Vita ile ilikuwa ya haki za majimbo. Serikali kuu ilitaka kuwaamulia mambo yao, wakajitoa kama walivyojiunga. Lincoln mwenyewe alisema 1861 hana nia ya kugusa utumwa ulipo. Na majimbo manne yenye watumwa, Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, yalibaki upande wake. Hilo mnalielezaje?

#12 Mwalimu Mstaafu
Katiba Kwanza, maneno ya Lincoln ni kweli aliyasema, kwenye hotuba ya kuapishwa Machi 4, 1861. Na hayo majimbo manne ni kweli. Lakini uliza haki ya jimbo kufanya *nini*. Alexander Stephens, makamu wa rais wa Kusini, alisimama Savannah Machi 21, 1861, akasema wazi kuwa jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Hakumung'unya. Na miaka ya nyuma watu haohao walikuwa wakiililia serikali kuu iyalazimishe majimbo ya Kaskazini kuwarudisha watumwa waliotoroka, sheria ya 1850. Hapo haki za majimbo zilikuwa likizo.

Ila hoja yako ina kitu, pengine si kile ulichokusudia. Haki za majimbo ziliwaua wao wenyewe. Magavana Joseph Brown wa Georgia na Zebulon Vance wa North Carolina walimsumbua Davis vita vizima: askari wa kwetu, nguo za kwetu, usituamulie. Ukijenga nchi juu ya neno "usinipangie", siku ya kupanga vita utampata wapi wa kukusikiliza?

#13 Katiba Kwanza
Nitarudi na majibu.

#14 Kasuku77
Mkuu wa #13 nakuwekea kiti.

#15 MtotoWaUvira
Bandugu, miye niko Georgia huku, Clarkston, tulifika na wakimbizi. Karibu yetu kuna mlima wa jiwe moja tupu, Stone Mountain, na ubavuni wamechonga wakubwa watatu wa Kusini juu ya farasi: Jefferson Davis, Lee na Jackson. Vita viliisha 1865, mchongo wenyewe ulimalizika 1972! Jumamosi tunapanda na watoto, mihogo ya kuchemsha mfukoni. Mtoto wangu wa pili akaniuliza, "Baba, hawa walishinda?" Nikamwambia hapana. Akasema mbona wao ndio wamewekwa juu.

Nilikosa jibu, nikampa muhogo.

Lakini kwa swali la mleta mada, naona mmesahau watu milioni 3.5 wa Msoma Ramani. Kawaandika kama mzigo wa Kusini, akapita. Hao watu walikimbia. Mimi najua mtu anavyokimbia: hasubiri tangazo, anasikiliza risasi zinatoka upande gani, anachukua mtoto. Kila mtumwa aliyevuka kwenda kwa jeshi la Kaskazini, shamba la Kusini limepoteza jembe na upande wa pili umepata mchimba handaki, mpishi, halafu askari. Wanaume weusi karibu 180,000 waliingia jeshi la Lincoln. Watumwa ndio walioivunja Kusini kwa ndani.

#16 Msoma Ramani
Nakubali kosa, niliwahesabu vibaya. Na ilianza mapema mno. Mei 1861, vita haijatimiza miezi miwili, wanaume watatu (Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend) walipiga kasia usiku mpaka ngome ya Fort Monroe, Virginia. Walikuwa wanajengeshwa boma la mizinga la Kusini. Mwenye mali akatuma afisa kuwadai kwa sheria ileile ya 1850. Jenerali Benjamin Butler, mwanasheria huyo, akamjibu: si mnasema nyie ni nchi nyingine? Basi sheria ya Marekani haiwahusu, na mali inayotumika vitani adui anaruhusiwa kuiteka. Akabaki nao. Habari ikasambaa, wakaja kwa mamia, baadaye maelfu. Yaani neno "mali" la mabwana ndilo lililowatoa.

Halafu kuna Robert Smalls. Huyu mtumwa aliiba meli ya kivita ya Kusini bandarini Charleston na familia yake ndani.

#17 Kasuku77
Chai hii. Tena ina tangawizi.

#18 Mwalimu Mstaafu
Si chai, Kasuku. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862. Meli inaitwa Planter, inabeba mizinga. Nahodha na maafisa wake wazungu walishuka kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls ndiye mshika usukani, anaijua bandari kama kiganja chake. Akawasha injini, akasogea gati jingine kuchukua mkewe Hannah, watoto na wengine, jumla watu 16. Akavaa kofia ya nahodha, ile pana ya majani, akasimama kama nahodha anavyosimama, mikono kifuani. Kila ngome anapiga honi ya ishara anayoijua. Mbele ya Fort Sumter, alfajiri inapambazuka, akapiga, wakamruhusu. Alipokuwa nje ya masafa ya mizinga akashusha bendera ya Kusini akapandisha shuka jeupe, manowari ya Kaskazini iliyokuwa inajiandaa kumfyatulia ikasita.

Baadaye alinunua nyumba ya bwana wake wa zamani kule Beaufort, na akaingia Bunge la Marekani.

#19 Binti Shangani
Na shuka hilo jeupe mimi nasema merikani, abishe nani 😂

#20 Kasuku77
Nimeomba radhi. Ila kusimama mikono kifuani huku unajua ukikamatwa umekwisha, na mke yuko chini... mimi ningejikojolea kabla ya ngome ya kwanza.

#21 Tandika Moja
Nami niongeze la walalahoi weupe. Oktoba 1862 Kusini walitunga sheria: shamba lenye watumwa 20, mzungu mmoja anasamehewa jeshi akawasimamie. Mkulima wa ekari zake tatu, hana mtumwa hata mmoja, anakwenda kufa. Mkewe anamwandikia: watoto hawajala. Unategemea nini? Watu walitoroka vikosini wakarudi kuvuna mahindi. Aprili 2, 1863 wanawake wa Richmond, makao makuu kabisa, waliingia mitaani wakavunja maduka wakitaka mkate, Davis mwenyewe akatoka kuwatuliza kwa vitisho vya askari. Na wenye mashamba wengine walikuwa bado wanapanda pamba badala ya mahindi! Mimi ni fundi cherehani sijasoma sana, ila jeshi lenye njaa nyumbani halina mbele.

#22 Jogoo la Mtwapa
Tandika Moja hiyo nzuri. Lakini Kaskazini nao walikuwa na dola 300 zao nilizotaja #6. Tajiri hakufa pande zote mbili. Mbona wao hawakuanguka?

#23 Tandika Moja
Kwa sababu wao walikuwa na mkate, kaka.

#24 Mvua ya Manchester
Salamu kutoka Manchester. Mkate uliotajwa hapo juu unafika mpaka huku. Miaka ya mwanzo wa vita Uingereza ilivuna vibaya ikanunua ngano nyingi kutoka Kaskazini. Wapo wanaosema ngano ndiyo iliyoshinda pamba: mtu anaweza kuvaa shati la mwaka jana, hawezi kula mkate wa mwaka jana. Wengine wanabisha, wanasema ngano ingepatikana kwingine.

Hapa mjini kuna sanamu ya Lincoln, napita kila nikienda kazini. Desemba 31, 1862 wafanyakazi walikutana wakamwandikia barua ya kumuunga mkono, wakati viwanda vya pamba vya eneo hili la Lancashire vimefungwa na watu wanaishi kwa uji wa msaada. Januari 19, 1863 akawajibu, na maneno ya jibu lake yamechongwa chini ya sanamu. Ila nisiwapambe. Kwenye miji mingine ya Lancashire iliyokuwa na njaa kali, watu walitaka Uingereza ivunje mzingiro, pamba ije, mambo ya uhuru baadaye. Ukiwa na njaa unapiga kura na tumbo.

#25 Mwalimu Mstaafu
Na tangazo la Lincoln la ukombozi wa watumwa la Januari 1, 1863 liliziba mlango. Kabla yake Mwingereza angeweza kusema huu ugomvi wa mipaka tu. Baada yake, kuisaidia Kusini ni kusaidia utumwa hadharani. Ingawa lenyewe liliwagusa watumwa wa maeneo ya waasi tu. Wale majimbo manne ya Katiba Kwanza walisubiri, Kentucky na Delaware mpaka marekebisho ya 13 ya katiba yaliyofuta utumwa, Desemba 1865.

#26 Pwani ya Batina
Niko Oman. Mmesahau kuwa Mwingereza alipata pamba kwingine: India na Misri. Misri wakalima pamba kwa pupa, wakakopa kwa pupa wakidhani bei ya vita ni ya milele. Vita vikaisha, bei ikaporomoka. 1876 hazina imefilisika, 1882 Mwingereza ameshaingia na jeshi. Kwa hiyo mwalikwa wa vita alikuwa Mmarekani, mlipa bili Mmisri.

#27 Kasuku77
Waliokufa jumla wangapi? Nimeona 620,000 mahali.

#28 Msoma Ramani
Hiyo ndiyo ya siku zote. 2011 mtafiti mmoja, J. David Hacker, alipitia sensa akakadiria 750,000 hivi. Wengi waliuawa na kuhara na homa kambini kuliko risasi.

#29 Katiba Kwanza
Nimerudi. Nimesoma #12 mara mbili. Hotuba ya Stephens nimeikuta, ndivyo ilivyo. Lakini bado nasema askari wa kawaida wa Kusini hakuwa na mtumwa na aliamini anatetea kwao. Hilo nalo mlijibu.

#30 MtotoWaUvira
Kaka, hata kwetu Kivu kila kijana niliyemwona na bunduki aliamini anatetea kwao. Simkatalii. Nauliza tu aliyempa hiyo bunduki alikuwa anatetea nini.

#31 PambaNyeupe
Asanteni wote. Mpaka sasa nimeandika kwenye daftari: reli, kalenda, Atlanta, magavana, watumwa waliokimbia, wanawake wa Richmond, ngano. Mke wangu kasoma kasema mmesahau moja: walioamua kushika pamba si waliolala juu yake. Nimeshindwa kumjibu.

Msimu huu nimepanda ekari mbili pamba, mbili mahindi.

#32 Jogoo la Mtwapa
Ekari mbili bado nyingi, mzee. Na bei mmeshatangaziwa?

#33 PambaNyeupe
Bado.